Daftari Kabla ya Mashine

Mwaka 1970 kampuni ya Brill ya mjini Leiden ilichapisha katalogi iliyotungwa na J. W. T. Allen, ikiorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwamo katika maktaba ya chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, wakati ambapo chuo hicho kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wasomi wanaoitaja katalogi hiyo mpaka leo huitaja kwa ajili ya miswada, na ni haki yao, kwa kuwa tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ni hazina kubwa. Lakini jina la kitabu chenyewe lina neno jingine ambalo huponyoka macho ya wengi: kanda. Allen aliweka kanda za sauti pamoja na miswada ndani ya jalada moja, kana kwamba sauti ya mtu anayeghani utenzi na karatasi iliyoandikwa utenzi huo ni mali za daraja moja. Kwa mkutubi wa leo aliyekabidhiwa chumba kilichojaa tepu, kaseti, santuri, filamu na kaseti za video, tendo hilo la Allen lina mafunzo kuliko miongozo mingi ya kitaalamu. Swali la kuhifadhi sauti na picha katika maktaba ya utafiti ya chuo kikuu hujibiwa kwa haraka kwa kutaja mashine na fedha. Hoja yangu ni kwamba jibu huanzia kwenye daftari: kujua tuna nini, kina hali gani, nani bado anajua kilichomo, na kipi kiokolewe kabla ya kipi. Chuo kinachoruka hatua hiyo kitanunua mashine, kitahamisha kanda zisizohitaji haraka, na kitaziacha zinazokufa zife.

Kwanza tuelewe ni mali ya namna gani tunayoizungumzia. Maktaba ya umma huwa na santuri na filamu zilizouzwa madukani, na nyingi kati ya hizo zina ndugu zao mahali pengine duniani. Chuo kikuu cha utafiti ni tofauti. Rafu zake hujazwa na watu waliotoka kwenda vijijini na kinasa sauti begani, wakarudi na sauti ambazo hazikuwahi kunakiliwa popote. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzia ndani ya chuo kikuu, katika taasisi ya saikolojia ya Carl Stumpf, mwaka 1900, na miongoni mwa silinda za nta zilizoingia humo zimo zile alizorekodi Karl Weule mwaka 1906 kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, miongoni mwa watu wa nyanda za Makonde na majirani zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Alan Merriam alirekodi muziki katika Kongo na katika Rwanda na Burundi za wakati ule, na kanda zake zikaishia katika hifadhi ya muziki wa jadi ya Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Hugh Tracey, aliyezunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1950 na 1952, alianzisha mwaka 1954 maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi ILAM, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi ngoma na nyimbo za Uganda nzima katika miaka hiyohiyo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeweza kurudi kurekodi upya. Waimbaji wamekufa, baadhi ya ala hazichongwi tena, na mahali pengine hata lugha yenyewe imebadilika.

Rekodi za namna hii hufa kwa njia mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni kuoza kwa kitu chenyewe. Tepu ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Tepu za asetati za miaka ya 1940 na 1950 hutoa harufu ya siki zinapooza, na asidi ile ile inayotoa harufu huongeza kasi ya kuoza, hivyo boksi moja linalonuka huhatarisha majirani zake. Tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu hewani mpaka ikalainika. Ukiiweka kwenye mashine, inanata, inapiga kelele, na inaacha unga wa kahawia kwenye vichwa vya kusomea, na unga huo ndio rekodi yenyewe. Mafundi huzikausha kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, kisha huwa na muda mfupi tu wa kuzicheza kabla hazijarudia hali yake. Miji yetu ya pwani, yenye joto na hewa nzito ya bahari, huharakisha maradhi haya, na ukungu hupata malisho. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: kiyoyozi kinachowashwa asubuhi watumishi wanapoingia na kuzimwa jioni wanapotoka. Kupanda na kushuka kwa joto na unyevu kila siku huitesa kanda kuliko chumba kilichotulia kwenye kiwango kisicho bora sana. Kama umeme au bajeti haviruhusu kiyoyozi cha saa 24, ni afadhali chumba cha ndani kisicho na dirisha, chenye kuta nene, kilicho mbali na bomba la maji na paa la bati.

Njia ya pili ni kufa kwa mashine. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya boksi lake na bado ikawa bubu, kwa kuwa hakuna chombo cha kuisoma. Sony iliacha kutengeneza mashine za DAT, yaani kaseti za sauti ya kidijitali, mwaka 2005. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kutengeneza mashine za VHS, ilifunga kazi hiyo mwaka 2016, mwaka huohuo Sony ilipoacha kutengeneza kaseti za Betamax. Vichwa vya kusomea huliwa na kila saa ya kazi, na vipuri vinapatikana kwa kuchinja mashine nyingine ya aina hiyo. Fundi anayejua kuelekeza kichwa cha mashine ya video ya U-matic kwa sikio na jicho alifundishwa katika studio za redio na televisheni ambazo zenyewe zimeshaachana na mashine hizo. Mike Casey, aliyeongoza kazi ya hifadhi katika Chuo Kikuu cha Indiana, aliunganisha dhana mbili, kuoza na kupitwa na wakati, akazitungia neno moja, kwa sababu aliona kuzitenganisha kunawadanganya wasimamizi. Msimamizi anaweza kudhani ana miaka 30 kwa kuwa kanda zake hazijaoza, kumbe mashine itakufa ndani ya 10. Wataalamu wengi waliolipima suala hili karibu miaka 15 iliyopita walikubaliana kwamba muda uliobaki kwa kanda za sumaku ulikuwa kati ya miaka 15 na 20. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia iliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo. Mwaka huo haukuwa siku ya kiama, na bado kuna mashine zinazozunguka, ila kila mwaka bei yake hupanda na idadi yake hupungua.

Mfano wa Indiana unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwani hutajwa mara nyingi kwa sababu isiyo sahihi. Watu hukumbuka fedha: Oktoba 2013 rais wa chuo hicho, Michael McRobbie, alitangaza dola milioni 15 za kuokoa rekodi za chuo kabla ya mwaka 2020, ambapo chuo kingetimiza miaka 200. Kampuni ya Memnon kutoka Ubelgiji ikaletwa, ikafungua karakana hapohapo Bloomington, ikahamisha kanda kadhaa kwa wakati mmoja, huku mafundi wa chuo wakibaki na vile vilivyo dhaifu vinavyotaka mkono na sikio la mtu kwa kila kimoja. Kazi ilipokwisha, zaidi ya vitu 350,000 vilikuwa vimehamishwa. Hakuna chuo cha Afrika Mashariki kinachoweza kuiga kiasi hicho, na msomaji anaweza kusema basi mfano huo hautuhusu. Lakini fedha zilikuja mwishoni. Kabla yake, mwaka 2008 na 2009, chuo kilifanya jambo la gharama ndogo: kilipita kitengo kwa kitengo, kuanzia maktaba kuu hadi idara ya michezo, kuhesabu. Kilikuta zaidi ya rekodi 560,000 za sauti, video na filamu katika vitengo 80, za aina zipatazo 50. Kabla ya hesabu hiyo hakuna mtu chuoni aliyejua ukubwa wa tatizo, kwa kuwa kila idara ilidhani kabati lake ndilo peke yake. Kutoka ripoti ya 2009 hadi tangazo la 2013 ni miaka minne ya kupeleka namba zilezile mbele ya watu walewale wenye madaraka mpaka zikawaingia. Meneja wa hifadhi aliyekuja na kilio cha jumla kwamba "urithi wetu unapotea" asingetoka na kitu. Aliyekuja na idadi, aina, hali na makadirio ya muda alitoka na bajeti.

Daftari hufanya kazi ya pili iliyo ngumu zaidi, ambayo ni kupanga foleni. Chukua mfano wa mkusanyo wa saa 20,000 za sauti. Kwa kawaida saa moja ya rekodi humla fundi saa mbili hadi tatu, kwa kuwa kuna kusafisha, kuelekeza kichwa, kusikiliza, kuandika na kukagua. Kwa saa tatu, tunapata saa 60,000 za kazi, na mtu mmoja anayefanya kazi saa 1,800 kwa mwaka atahitaji zaidi ya miaka 33. Tumeshaona muda uliopo haufiki hapo. Kwa hiyo baadhi ya kanda hazitaokolewa, na swali la pekee lililobaki ni kama tutazichagua kwa akili au tutaacha bahati ichague. Wapo wakutubi wanaolikataa neno kuchagua. Husema sisi ni nani hata tuamue sauti ya bibi huyu iishi na ya yule ife, na mtafiti wa miaka 50 ijayo huenda akataka hasa tulichokitupa. Pingamizi hili lina uzito wa kimaadili, na linatoka kwa watu wanaoipenda kazi yao. Hata hivyo, kukataa kuchagua ni uchaguzi uliofichwa. Asiyepanga foleni huanza na rafu iliyo karibu na mlango, au na kanda za profesa mwenye sauti kubwa kwenye kamati. Indiana walitengeneza programu mbili za kusaidia uamuzi huu, moja ya kupima hatari ya kitu chenyewe na nyingine ya kupima thamani yake ya utafiti, na hekima ya mpango huo iko katika kuzitenga alama hizo mbili ili huruma kwa yaliyomo isifiche hali ya kanda, wala hali ya kanda isifiche yaliyomo.

Foleni iliyopangwa vizuri huleta matokeo yanayoshangaza, nayo ni kwamba cha zamani zaidi mara nyingi si cha kwanza. Macho yetu yamezoea kuheshimu uzee, hivyo santuri ya gramafoni ya mwaka 1935 hupewa nafasi ya mbele na kaseti ya DAT ya mwaka 1995 huachwa kwa kuwa inaonekana ya jana. Ukweli ni kinyume chake. Santuri iliyokandamizwa kiwandani, ikikaa wima mbali na joto, itasubiri miongo kadhaa, na mashine za kuichezea bado zinatengenezwa. DAT ikianza kupoteza data haitoi onyo la mkwaruzo wala mvumo. Siku moja inanyamaza. Diski za CD zilizochomwa kwenye kompyuta za ofisi miaka ya 2000 zina rangi inayofifia, na vyuo vingi viliziita hifadhi. Santuri za laki, zile bamba za alumini zilizopakwa ngozi nyembamba ya laki na kuchongwa palepale sauti ilipotoka, ni hatari kuliko zote, kwani ngozi husinyaa na kubanduka bila taarifa. Filamu nayo ni habari ya kipekee. Saa moja ya sauti kwa kiwango kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, yaani biti 24 na kilohezi 96, huchukua gigabaiti mbili hivi, kwa hiyo zile saa 20,000 zote ni terabaiti 40 tu, ambazo leo hukaa kwenye kanda chache za data. Saa moja ya filamu iliyochanganuliwa kwa kiwango cha 2K bila kubanwa hukaribia terabaiti moja peke yake. Lakini filamu inaonekana kwa jicho. Inyanyue mbele ya mwanga na utamwona mtu, na hakuna kampuni inayoweza kuifanya ipitwe na wakati mpaka isionekane. Ikiwekwa kwenye baridi, filamu isiyoanza kunuka siki husubiri miaka mingi sana. Basi maktaba yenye shilingi chache inunue friza kwa ajili ya filamu, na itumie mafundi wake kwa sauti na video. Huu ni uamuzi ambao mpenzi wa sinema atauchukia, na mimi nauona kuwa sahihi.

Nimesema rekodi hufa kwa njia mbili, kwa kuwa ndivyo taaluma inavyosema. Kwa upande wetu wa dunia kuna ya tatu, na nashawishika kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi. Ni kufa kwa mtu anayejua kilichomo. Boksi limeandikwa "Mahojiano, Rufiji, 3" kwa kalamu ya wino iliyofifia. Aliyehoji amestaafu, aliyehojiwa amefariki, na mwanafunzi aliyebeba kinasa sauti yuko mji mwingine. Hata ukiihamisha kanda hiyo kwa mashine bora kuliko zote, utapata faili safi la mzee asiye na jina akizungumzia mahali pasipojulikana. Sauti imeokoka na ushahidi umepotea. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya daftari inatakiwa kuwa simu na ziara kwa wahadhiri wastaafu, orodha ikiwa mkononi, kabla hata ya kugusa mashine, kwa sababu kanda inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi na mtu wa miaka 85 huenda asisubiri. ILAM ilipozirudisha Kenya rekodi za Tracey za mwaka 1950, zikiwemo zile za Wakipsigis za wimbo wa Chemirocha ambao jina lake lilitokana na mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers, wazee na jamaa za waimbaji walizisikiliza wakiwa kwao, mahali ambapo majina na nasaba bado vina wenyewe. Rekodi za Wachsmann nazo, ambazo zilikuwa London katika maktaba ya taifa ya Uingereza, zilipata nakala zilizorudi Makerere, na hifadhi ikaanzishwa huko kwa jina lake. Marejesho ya namna hii huzungumzwa kama suala la haki, na ni la haki kweli. Lakini ni suala la taaluma ya ukutubi pia, kwani mtu pekee anayeweza kuandika maelezo sahihi ya wimbo wa Kiganda au Kikipsigi ni yule anayeusikia kwa masikio ya nyumbani.

Sasa nije kwa pingamizi ambalo kila mkutubi mkuu atalitoa kabla sijamaliza. Wanafunzi wanakaa chini kwa kukosa viti, usajili wa majarida ya mtandaoni unadaiwa, na wewe unataka fedha za kanda za miaka ya 1960 zinazosikilizwa na watu watatu kwa mwaka. Sitajibu kwa kusema utamaduni hauna bei, kwa sababu kila kitu kinachoingia kwenye bajeti kina bei. Nitajibu kwa tofauti iliyopo kati ya hasara inayolipika na isiyolipika. Kiti kisichonunuliwa mwaka huu kinaweza kununuliwa mwaka ujao, na jarida lililokatwa hurudishwa ukilipa. Kanda ikishanyamaza hakuna mwaka wa fedha utakaoirudisha. Tena gharama kubwa ya rekodi ile ilishalipwa: nauli, posho, miezi ya mtafiti kijijini, subira ya wenyeji waliosimulia. Kinachoombwa sasa ni sehemu ndogo ya mwisho. Na kuhusu wasikilizaji watatu, wanatokana na ukimya wa katalogi yenyewe. Hakuna anayeomba kitu asichojua kwamba kipo. Katalogi ya Allen imewaleta Dar es Salaam watafiti wa tenzi kwa zaidi ya nusu karne kwa sababu tu iliwaambia kilichopo.

Pingamizi la pili ni la kiufundi na lina ukweli mchungu. Kwa nini tubadilishe utepe ulioishi miaka 60 kwa faili linaloweza kufutika kwa kubonyeza kitufe? Diski za kompyuta huharibika ndani ya miaka michache, na vyuo vingi vimepoteza data nyingi bila hata kelele ya kanda inayonata. Ni kweli kwamba faili ukilitelekeza hufa haraka kuliko kanda uliyoitelekeza. Tofauti ni kwamba faili linaweza kunakiliwa bila kupungukiwa na chochote, na nakala inaweza kuthibitishwa kwa namba ya uhakiki inayokokotolewa na kompyuta: biti moja ikibadilika, namba haifanani. Kanda ya analogi haina faida hiyo, kila nakala yake ni dhaifu kuliko mama yake. Kwa hiyo tunachokinunua tunapohamisha ni uwezekano wa kuendelea kutunza, wenye sharti la kutunza kweli: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine, namba zikikaguliwa kwa ratiba, na kanda za data zikihamishiwa kizazi kipya kabla mashine ya zamani haijaacha kuuzwa. Chuo kisichoweza kuahidi hayo kisihamishe kwanza. Kikae na daftari na chumba kilichotulia, na kitakuwa hakijadanganya mtu.

Umuhimu wa ile nakala ya mji mwingine ulionekana Cape Town tarehe 18 Aprili 2021, moto wa mlimani ulipoingia katika jengo la Jagger la maktaba ya chuo kikuu. Yaliteketea machapisho ya masomo ya Afrika yapatayo 70,000, na mkusanyo wote wa filamu za Kiafrika kwenye DVD, zipatazo 3,500. Hifadhi za chini ya ardhi zilinusurika na moto lakini zikalowa maji, na maelfu ya makasha yakatolewa kwa mikono na watu waliojipanga mstari. Baada ya tukio la namna hiyo, kazi ya kwanza ni kujua nini kimeungua, na hilo linajulikana tu kama orodha ilikuwepo na ilikuwa pengine.

Kuna pia wale wanaohofia wenye sauti. Mzee aliyesimulia unyago, uganga au ugomvi wa ukoo mwaka 1967 alizungumza na kijana mmoja aliyekaa mkekani kwake, na hakukubali kusikika kwenye simu za dunia nzima. Hofu hii ni halali, na sheria zetu zimeanza kuitambua. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa na kazi za kitamaduni za jamii. Lakini hofu hii huelekezwa mahali pasipo pake inapotumiwa kuzuia uhamishaji. Kuhifadhi ni jambo moja na kutangaza ni jingine. Faili linaweza kukaa limefungwa, likasikilizwa na ukoo husika na mtafiti aliyepewa ruhusa, na uamuzi wa kulifungua ukaachiwa watakaokuja. Kanda iliyooza haimpi mwenye sauti ulinzi wowote. Inamnyima yeye na wajukuu wake nafasi ya kuamua.

Yote haya yanarudi kwenye suala la nani anaweka saini. Rekodi za vyuo vyetu huokolewa kwa miradi: mfadhili hutoa fedha za miaka miwili, kanda mia kadhaa huhamishwa, mradi hufungwa kwa warsha, diski hubaki kwenye droo ya mratibu. Mradi ni mzuri kwa kazi yenye mwisho. Kuhamisha kuna mwisho, kutunza hakuna. Kwa hiyo fedha za wafadhili ziombwe kwa ajili ya mashine na mafundi wa muda, na chuo chenyewe kiweke kwenye bajeti yake ya kila mwaka mkutubi mmoja wa sauti na picha, hifadhi ya data na chumba. Kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kisipokuwepo hakuna mradi utakaosimama. Mashine na fundi, kwa upande mwingine, havina haja ya kurudiwa katika kila chuo. Dar es Salaam, Makerere na Nairobi viliwahi kuwa chuo kimoja kati ya mwaka 1963 na 1970, na rekodi zilizofanywa miaka ile haziijui mipaka iliyokuja baadaye. Karakana moja ya pamoja, yenye mashine tatu za kila aina na mafundi wawili wanaofundisha wa tatu, ingetosha ukanda mzima, na kila maktaba ingepeleka kanda zake kwa zamu kulingana na foleni ya daftari lake. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo mahali pa kulipeleka pendekezo la aina hiyo. Watakaosema ushirikiano wa kikanda huchelewa wana hoja, ila vyuo vitatu vikianza kila kimoja kutafuta mashine yake ya U-matic kwenye soko lenye mashine chache, vitakachofanikiwa ni kupandishiana bei.

Linabaki swali la nini kifanyike na kanda yenyewe baada ya kuhamishwa, na hapa sikubaliani na wanaotaka rafu iachwe wazi. Uhamishaji wa leo si wa mwisho kwa ubora. Silinda za nta zilizowahi kunakiliwa kwa sindano zimekuja kusomwa baadaye kwa mwanga, bila kuguswa, na kutoa sauti safi zaidi. Tena boksi lina mambo ambayo faili halina: mwandiko wa mrekodi, tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya, jina la kijiji kwa tahajia ya zamani, karatasi iliyokunjwa ndani yenye majina ya wapiga ngoma. Vitu hivyo vipigwe picha na viunganishwe na faili siku ileile ya kuhamisha, na boksi lirudi kwenye chumba chake. Fundi asianze kuzungusha tepu kabla mtu hajasoma kilichoandikwa mgongoni mwa boksi na kukinakili katika daftari, pamoja na maneno asiyoweza kuyasoma, yakiachiwa nafasi wazi kwa atakayeyajua.